Mizani ya Dijitali Haidanganyi? Ngoja Kwanza



Leo sina kichekesho. Leo nataka kuomba msamaha, na nikimaliza kuomba msamaha nataka kulalamika. Mpangilio ni huo, tafadhali usiruke sehemu ya kwanza ukaenda ya pili.

Mnakumbuka ile video yangu ya mfuko wa majani chai? Ile niliyopima majani ya mama hapa nyumbani Silibwet, mizani yangu ikasema kilo 43.6, halafu tukaenda kituo cha kununulia majani, mizani yao ya dijitali ikasema 41.5? Nilipiga hesabu mbele ya kamera: kilo 2.1 zimepotea kwa umbali wa kutembea dakika kumi. Nikasema neno moja kuhusu karani. Neno lenyewe ni mwizi.

Video hiyo ndiyo iliyotazamwa zaidi kuliko zote nilizowahi kuweka. Maoni yalijaa. Kila mtu ana hadithi yake ya mizani. Na karani yule, ambaye tunakaa naye kanisa moja, Jumapili iliyofuata alikaa benchi la nyuma kabisa na hakusalimia mtu.

Sasa nisikilizeni. Nilikosea. Si kidogo.

Aliyenifungua macho ni kogo. Kogo hajasoma, lakini amechuma chai tangu kabla mama yangu hajazaliwa. Alinitazama nikijisifu na simu yangu, akauliza swali moja tu: "Na hiyo mizani yako, wewe uliipima na nini?"

Nikakosa jibu. Ama niseme ukweli, jibu nilikuwa nalo, ila lilikuwa la aibu. Niliipima na pakiti ya unga.

Wacha nieleze, maana hapa ndipo jambo lenyewe lilipo. Mizani yangu niliitengeneza mwenyewe. Nilinunua vifaa Luthuli Avenue, Nairobi: sensa ya uzito ya kilo 100, kipande kidogo cha sakiti chenye chipu inayoitwa HX711, na Arduino ya kusoma namba. Vifaa vya kawaida kabisa. Mizani nyingi za dijitali unazoziona zinafanya kazi kwa njia hiyohiyo, tofauti ni ubora tu.

Ile sensa ni kipande cha chuma. Ukining'iniza mzigo, chuma kinapinda. Kinapinda kidogo sana, jicho halioni. Juu yake kumebandikwa nyuzi nne nyembamba za chuma. Uzi ukivutwa unarefuka na kuwa mwembamba, umeme unapita kwa shida zaidi. Ukibanwa, umeme unapita kwa urahisi zaidi. Nyuzi hizo nne zimepangwa kama mraba, na tofauti kati ya pande mbili za mraba inatoka kama voltiji. Ukiwasha sensa ya aina yangu kwa volti 5, mzigo kamili wa kilo 100 unakupa milivolti 10. Betri ya saa ya ukutani ina milivolti 1,500. Kwa hiyo gunia zima la kilo 100 linatoa umeme mdogo mara 150 kuliko betri ya saa! Kilo moja ya majani, jasho la mtu tangu asubuhi, ni sehemu moja ya kumi ya milivolti.

Hiyo voltiji ndiyo analogi. Haina hatua. Ongeza jani moja, inapanda kwa kiasi cha jani moja. Upepo ukipuliza mfuko, inacheza. Jua likipiga chuma, inasogea hata kama hujaongeza kitu. Ni kama mteremko wa shamba letu: unaweza kusimama mahali popote.

Namba kwenye skrini ndiyo dijitali, na hiyo ni ngazi. Kwenye ngazi unasimama juu ya kidato au kidato kinachofuata. Katikati hakuna pa kusimama.

Kazi ya kutoa kitu kwenye mteremko na kukiweka kwenye ngazi inafanywa na sakiti moja tu. Na jinsi inavyofanya, wallahi hata kogo alielewa, kwa sababu ni kama mizani ya zamani ya mawe, ile ya posho mill.

Chukua mawe sita: la kilo 32, la 16, la 8, la 4, la 2 na la 1. Weka majani upande mmoja. Anza na jiwe kubwa. 32: majani bado ni mazito, jiwe libaki, andika 1. Ongeza 16, jumla 48: imezidi, toa, andika 0. Ongeza 8, jumla 40: bado, libaki, andika 1. Ongeza 4, jumla 44: imezidi, toa, andika 0. Ongeza 2, jumla 42: bado, libaki, 1. Ongeza 1, jumla 43: imezidi, toa, 0. Umepata 101010. Hiyo ni 42 kwa lugha ya kompyuta. Maswali sita, majibu sita ya ndiyo au hapana, uzito umekuwa namba. Kila swali ni biti moja. Sakiti nyingi zinafanya hivyo hasa, badala ya mawe zinatumia voltiji ya nusu, robo, nusu ya robo, mpaka zichoke.

Chipu yangu ya HX711 inatumia njia nyingine. Fikiria ndoo inayovuja, nawe una kikombe kimoja. Kila maji yakishuka chini ya alama, unamwaga kikombe. Ukihesabu vikombe ulivyomwaga kwa dakika, umejua ndoo inavuja kwa kasi gani. Chipu inahesabu vikombe vya umeme kwa kasi kubwa mno, halafu inakupa jibu mara 10 kwa sekunde, au mara 80 ukitaka.

Sasa rudi kwenye mawe. Tuseme mzigo ulikuwa kilo 42.2. Tumepata 42. Zile gramu 200 ziko wapi? Hazijaibwa na mtu. Hazikuwa na jiwe la kuzipima. Jiwe dogo kabisa lilikuwa la kilo moja.

Ndiyo maana idadi ya biti ni jambo la kuuliza. Gawanya kilo 100 kwa biti 8, unapata vidato 256, kila kidato karibu gramu 390. Biti 10 ni vidato 1,024, kila kimoja karibu gramu 98. Biti 16 ni vidato 65,536, gramu moja na nusu. Chipu yangu inajisifu kwa biti 24, yaani vidato zaidi ya milioni 16. Na hapa ndipo kichwa changu kilipovimba. Nilidhani nikiwa na vidato milioni 16, basi nina ukweli milioni 16.

Ngazi inaweza kuwa na vidato vingi na vizuri, lakini ukiisimamisha mahali pasipofaa, kila kidato kiko mahali pasipofaa.

Chipu haijui kilo. Inajua vikombe vyake tu. Mtu ndiye anayeiambia: vikombe hivi ni sifuri, na vikombe vile ni kilo kadhaa. Mimi niliiambia kwa pakiti ya unga iliyoandikwa kilo 2. Labda unga haukufika kilo 2. Labda sifuri yangu ilihama jua lilipotoka nikiwa katikati ya kupima. Sijali ni lipi. Baada ya swali la kogo nilienda posho mill, nikamwomba mwenyewe mawe mawili ya kilo 20, ya chuma, yenye muhuri wa mkaguzi wa vipimo. Nikayaning'iniza yote mawili. Kilo 40.

Mizani yangu ikasema 41.3.

Nikayatoa, nikayarudisha. 41.3. Nikakaa chini.

Hesabu yake ni rahisi na inauma. Kosa langu kwenye pakiti ya unga lilikuwa kama gramu 65. Gramu 65 kwa kilo 2 hakuna mtu anayeziona. Lakini mzigo wa mama ni karibu mara 22 ya pakiti ile, na kosa nalo likazidishwa mara 22. Kilo 1.4. Ule mfuko haukuwa 43.6. Ulikuwa 42.2.

Kwa hiyo kati ya kilo 2.1 nilizomwita mtu mwizi kwazo, kilo 1.4 zilitengenezwa na mimi, uani kwetu, kwa chipu ya biti 24.

Nilienda kwa karani jioni hiyo. Nilimkuta anafunga ng'ombe. Nikamwambia, "Mzee, nimekuja kuomba msamaha." Hakunigombeza. Aliniambia jambo ambalo limekaa kichwani mpaka leo: "Hata mimi sijui ndani ya ile mashine kuna nini. Mimi nasoma inachosema." Video nimeitoa. Kama uliihifadhi na unaisambaza, tafadhali acha.

Msamaha umeisha. Sasa lalamiko.

Bado kuna gramu 700. 42.2 kutoa 41.5. Hizo si zangu, na sikuziacha.

Nusu kilo ilikuwa ya mfuko. Mashine imewekwa itoe nusu kilo kwa kila mfuko kabla ya kuonyesha namba. Mfuko wetu wa neti, ukiwa mkavu, nimeupima kwa mizani ndogo ya jikoni: gramu 200. Ukilowa mvua unaongezeka, sikatai. Siku ile haikunyesha. Gramu 300 zimeondoka kwa sababu mtu fulani, siku fulani, alibonyeza 0.5. Hilo halina umeme ndani yake. Ni uamuzi.

Zimebaki gramu 200. 41.7 ikawa 41.5. Mama huweka risiti zake kwenye kopo la biskuti. Nikazimwaga kitandani, nikazipitia moja moja. Sitini na tatu. Zote, zote kabisa, zinaishia na .0 au .5. Hakuna .3, hakuna .8. Yaani ngazi ya kituo chetu ina vidato vya nusu kilo.

Unaweza kusema nusu kilo ni kitu gani. Inategemea. Kama mashine inasogeza namba kwenye kidato kilicho karibu zaidi, leo mkulima anapoteza gramu 200, kesho anapata gramu 200 za bure, mwisho wa mwaka wako sawa. Lakini kama mashine inakata kwenda chini kila mara, mkulima hapati siku ya bure. Anapoteza kati ya sifuri na nusu kilo kila mara, wastani ni robo kilo. Tuseme mtu anapima mara nane kwa mwezi: kilo 2 kwa mwezi, 24 kwa mwaka. Tuseme kituo kina wakulima mia: kilo 2,400. Hiyo ni zaidi ya tani mbili, na hakuna mtu aliyeiba hata jani.

Je, ya kwetu inasogeza au inakata? 41.7 ingekuwa 41.5 kwa njia zote mbili. Risiti haiwezi kukuambia. Na hili ndilo lalamiko langu: mkulima amepewa namba, lakini hajapewa njia ya kuihoji.

Nadhani tatizo letu lilianzia kwenye neno lenyewe. Sisi Wakenya neno dijitali lilitufikia kama sifa. Kampeni za 2013, walioomba kura walijiita dijitali na wapinzani wao wakaitwa analogi, kama tusi. Halafu Februari 2015 wakati wa kuhamia televisheni ya dijitali, stesheni kubwa zikazima, tukakaa tukitazama skrini nyeusi mpaka tukanunua king'amuzi. Tangu hapo, analogi ni mzee aliyepitwa na wakati, dijitali ni ukweli. Mizani ya saa yenye mshale ilipoondolewa na ile yenye namba nyekundu ikaja, watu walishukuru. Na kusema kweli kulikuwa na sababu ya kushukuru. Mshale ulisomwa na macho ya karani peke yake, na macho yanaweza kusinzia upande mmoja. Risiti iliyochapishwa ni bora kuliko mwandiko. Mimi sitaki mshale urudi.

Lakini tazama tulichopoteza. Mshale ulikuwa unacheza mbele yako. Uliuona ukianza kwenye sifuri. Ukiona umeanzia juu au chini ya sifuri, ulipiga kelele. Mfuko ukibembea, uliona mshale ukibembea, ukasubiri utulie. Namba nyekundu haikuonyeshi hayo. Inaruka moja kwa moja kwenye jibu, kama mwanafunzi aliyeandika jibu bila kuonyesha njia, na sisi tunampa alama zote.

Na kuna mengine ambayo hata karani mwaminifu hawezi kuyaona. Sensa kama yangu haipimi wingi wa majani. Inapima jinsi dunia inavyoyavuta. Dunia haivuti sawa kila mahali. London inavuta kwa nguvu kidogo zaidi kuliko huku kwetu karibu na ikweta, na juu milimani. Mizani ikisahihishwa kule kisha ikaletwa hapa bila kusahihishwa tena, itasoma chini kwa karibu sehemu nne kwa elfu. Kwa mfuko wa kilo 40 ni karibu gramu 150. Hakuna mwizi. Ni sayari tu! Ndiyo maana mizani ya aina hii inatakiwa isahihishwe mahali inapofanyia kazi, kwa jiwe la uzito unaojulikana. Jiwe nalo linavutwa na dunia ileile inayovuta majani, kwa hiyo haliwezi kudanganywa.

Kenya tuna Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513. Chombo kinachotumika kupimia biashara kinatakiwa kikaguliwe na mkaguzi na kupigwa muhuri. Hiyo sheria ipo, na muhuri nimeuona kwenye mawe ya posho mill, kwa hiyo inafanya kazi mahali fulani. Lakini mkaguzi akija, anakuja siku moja. Siku nyingine zote jua linawaka, betri inashuka, mizani inabebwa nyuma ya lori, inaangushwa. Ulinzi wa siku hizo nyingine ni wa nani?

Mimi naomba mambo matatu. Hayahitaji pesa nyingi wala injinia.

La kwanza, kila kituo kiwe na jiwe moja la kilo 20 lenye muhuri. Asubuhi, kabla ya mfuko wa kwanza, jiwe lining'inizwe mbele ya wakulima. Skrini ikisema 20, tunaanza. Ikisema 19.5, hatuanzi. Inachukua dakika moja.

La pili, skrini igeuzwe upande wa mkulima, na sifuri ionekane kabla mfuko haujaning'inizwa. Mfuko ukishatulia ndipo namba isomwe. Chipu inaweza kuchukua vipimo 10 kwa sekunde. Isubiri sekunde tatu, itoe wastani. Haina haraka ya kwenda popote, haraka ni yetu.

La tatu, risiti iandike kila kitu: uzito kabla ya kutoa mfuko, kiasi kilichotolewa, na uzito uliobaki, mpaka sehemu ya kumi ya kilo. Kama kuna kukata, kukatwe mbele ya macho.

Kuna mtu ataandika hapo chini kwamba nimenunuliwa, kwamba juzi nilikuwa upande wa wakulima na leo natetea kituo. Rafiki yangu, soma tena hesabu. Kati ya kilo 2.1, kilo 1.4 ni zangu na nimezikubali. Gramu 200 ni mfuko wenyewe, hizo ni haki. Nusu kilo iliyobaki ni ya mama yangu. Kwa hiyo nusu kilo ninapigana kwa nguvu kuliko nilivyopigana kwa mbili, kwa sababu hii nina uhakika nayo.

Na nyinyi wenzangu wenye simu na hasira: kabla hujamwita mtu mwizi, ning'iniza jiwe kwenye mizani yako kwanza. Mimi sikufanya hivyo, na kuna mtu alikaa benchi la nyuma kwa sababu yangu.

Kwa sasa nimerekebisha mizani yangu kwa yale mawe mawili. Jumamosi nitakuwa sokoni hapa Silibwet, karibu na stendi ya bodaboda, kuanzia saa tatu asubuhi, na mwenye posho mill amekubali kuniazima mawe. Leta mizani yako ya dukani, ya nyama, ya viazi, ya maziwa, yoyote. Tutaning'iniza kilo 20 na tusome pamoja. Ikisema 20, nitakupongeza mbele ya kamera. Isiposema, kamera nitazima kwanza, tuongee.

Karani pia amesema atakuja.